Makazi Haya Yana Miaka Mingapi?

Kabla ya shirika kuniajiri nilikuwa nikifanya kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na mtandao, pale Kombani, hatua chache kutoka sokoni. Kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua. Walikuja na karatasi zilizokunjwa mara nne: maombi ya kazi za hoteli kule Diani, barua za kuomba mtoto abakishwe shuleni, malalamiko kwa chifu kuhusu ng'ombe walioingia shambani. Wengine hawakuja na karatasi. Walisimama nyuma ya kiti changu wakasema yaliyo moyoni, nami nikayanyoosha yakawa ya kiofisi. Mtu akisema, "Mwambie yule bwana nimechoka kuzungushwa," mimi huandika, "Naomba suala langu lishughulikiwe ipasavyo." Nilikuwa na sifa ya kunyoosha maneno. Watu walitoka Matuga, wakazipita saiba nyingine, wakanijia mimi.

Asubuhi moja aliingia mwanamke mtu wa bara, mwenye miwani na mkoba wa mgongoni, akataka kuchapisha ramani kubwa. Mashine yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilimchapia vipande vipande, nikavipanga mezani na kuviunga kwa gundi. Nilipokuwa nikiunga nilisema, bila kukusudia, "Hiki kipande kimegeuka. Hii kona ni njia ya kwendea kwa shangazi yangu."

Akanitazama. "Unaisoma ramani?"

"Ramani siisomi," nikamwambia. "Lakini pale napajua."

Wiki mbili baadaye nilikuwa mwajiriwa wake.

Ofisi ya shirika ilikuwa Ukunda, kwenye nyumba ya kupanga yenye maua ya karatasi ukutani na kipoza hewa kilichokuwa kikidondosha maji dirishani. Yule mwanamke ndiye aliyekuwa mkurugenzi, na sote tulimwita madam. Alikuwa mwema, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata. Alifika kazini kabla yetu na alijua majina ya watoto wetu.

Kazi ya shirika ilikuwa na watu wanaoishi kwenye ardhi wasiyokuwa na hati. Kwetu Pwani hilo si jambo la kueleza sana. Mtu huzaliwa mahali, na babake kazaliwa papo hapo, kisha siku moja hutokea mgeni mwenye karatasi inayosema pale ni kwake. Shirika liliamini kwamba watu hawa hushindwa kwa kuwa hawaonekani. Ramani za serikali zinaonyesha kichaka. Basi sisi tutawaonyesha. Tutapita na simu nyumba kwa nyumba, simu ipokee alama kutoka setilaiti, tupige picha, tuulize maswali, na yote tuyaweke kwenye mtandao ambapo yeyote duniani anaweza kuyafungua. Hakuna atakayesema tena kwamba hapana watu.

Niliyaamini haya kwa moyo wote. Tena niliyaona yakifanya kazi kwa macho yangu. Katika mkutano mmoja ofisa wa serikali alisimama akasema eneo tunalolizungumzia ni pori tupu, limehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Madam hakubishana naye. Aliigeuza kompyuta yake ikamwelekea, akaivuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka zikaonekana paa za makuti, mtumbwi wa kunyweshea mbuzi, na leso tatu zilizoanikwa kwenye kamba. Yule ofisa aliketi. Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya tangi la maji.

Kijiji cha shangazi kiko juu ya Msambweni, upande wa bara, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka barabara ya lami. Baba yangu alizaliwa hapo. Alipokuwa kijana alikwenda Ramisi kukata miwa, kisha akamwoa mama yangu Mwabungo, akahamia huko, na huko ndiko nilikozaliwa. Alifariki ningali shule ya msingi. Shangazi, dada yake mkubwa, hakuondoka kijijini. Alikuwa mjane, akisuka mikeka ya ukindu na kufuga mbuzi wachache. Likizo zangu zote za shule nilizimaliza kwake.

Mwaka mmoja mvua zilikuja na kishindo na nyumba yake ya udongo ikaanguka upande. Majirani walimjengea nyingine hatua kumi kutoka ile ya zamani, nasi wa Mwabungo tukampelekea mabati. Ilikuwa nyumba ndogo iliyonyooka, mlango wake ukitazama mikorosho aliyoipanda babu.

Shirika lilipokichagua kijiji hicho, madam aliniambia wazi kwamba nimekuwa bahati kwao. Watu wa pale walikuwa wamechoka na wageni wenye kuuliza. Kwenye baraza la kwanza wanaume walikaa wamefunga mikono, na mzee mmoja akauliza majina yao yatapelekwa kwa nani. Madam alieleza kwa Kiswahili chake cha haraka. Hawakuridhika. Ndipo shangazi aliposimama, akajifunga leso vizuri, akanishika bega.

"Huyu ni mtoto wa kakangu," akasema. "Mnamjua tangu akipakatwa. Akiwauliza, mjibuni kama mnavyonijibu mimi."

Na walinijibu.

Mtu mmoja tu alikataa. Alikuwa mkwezi, mwanamume mwembamba wa makamo aliyewaangulia watu nazi kutoka pale hadi Vingujini. Nilimkuta akinoa panga lake mlangoni.

"Shikamoo ami," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Lakini hiyo simu irudishe mkobani."

"Ami, ni kwa faida yetu. Wasije wakasema hapana watu."

"Mimi nipo," akasema. "Anayetaka kuniona atakuja hapa anione. Nyumba yangu siitaki huko mnakoiweka. Huko kuna nani? Wewe unawajua walioko huko?"

Nilimwambia ni mtandao, kila mtu yupo. Akacheka, akaendelea kunoa panga. Nilimheshimu. Kwenye ramani nikamwacha, pakabaki peupe.

Fomu tuliyokuwa nayo ndani ya simu ilitungwa Nairobi, kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa. Ilikuwa na maswali mengi: majina, idadi ya watu, maji mnateka wapi, choo kipo au hakipo. Swali la tisa liliuliza, "Makazi haya yana miaka mingapi?" Chini yake palikuwa na kisanduku kimoja, na kisanduku kilikubali tarakimu tu. Ukiandika neno, simu ilitetema na kuonyesha wekundu.

Wakati wa mafunzo niliinua mkono. "Madam, hili neno makazi. Watu wetu hawalitumii hivyo."

"Wewe waelezee tu kienyeji," akaniambia, huku akifungua ukurasa mwingine. "Si ndiyo maana tumekuchukua?"

Siku ya kwanza niliwaeleza vizuri. Nilisema, "Hapa, mahali hapa, nyinyi na wazee wenu, mmekaa muda gani?" Watu walihesabu kwa vidole, wakaitana, wakabishana. Mama mmoja alimtuma mtu kwa nduguye akaulize babu yao alikuja kabla ya ukame ule mkubwa au baada yake. Nilisubiri. Nikaandika miaka hamsini, sitini. Siku hiyo nilimaliza nyumba sita.

Jioni ile simu ilionyesha orodha ya wakusanyaji wote, wa vijiji vyote, kwa rangi. Waliomaliza nyumba nyingi walikuwa kijani, wa katikati manjano. Mimi nilikuwa nyekundu, na jina langu lilikuwa mwisho kabisa. Madam hakunigombeza. Alituma ujumbe kwenye kundi letu: "Tujitahidi, timu." Lakini mimi nilijua yule aliyehitaji kujitahidi ni nani.

Siku ya tatu nilikuwa nimepata njia. Jua lilikuwa kali, kiatu kilikuwa kimenichubua kisigino, na nilikwishaona kwamba watu wakilisikia lile neno makazi huuliza, "Makazi ndiyo nini? Nyumba?" Nami nikaanza kujibu, "Eh, nyumba." Baada ya hapo sikungoja tena waulize. Nilianza mwenyewe: "Nyumba hii ina miaka mingapi?" Jibu lilikuja mara moja, maana kila mtu anajua nyumba yake alijenga lini. Minne. Miwili. Saba. Nyumba za udongo na makuti hazikai sana. Huanguka, huliwa na mchwa, hujengwa upya hapo hapo. Niliandika nilichoambiwa. Siku hiyo nilimaliza nyumba kumi na tisa na jioni jina langu likawa kijani.

Kwa shangazi nilifika adhuhuri. Alikuwa jikoni akipika samaki wa nazi na alikuwa amekwishasikia kwamba naja.

"Jina lako kamili?" nikamuuliza.

"Hulijui jina langu?"

"Nalijua, shangazi, lakini lazima nikuulize."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Akanitajia jina lake, la babake, na la babu yake, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu. Tukaendelea. Maji, choo, mbuzi.

"Nyumba hii ina miaka mingapi?"

"Hii? Mitatu. Si nyinyi mlioniletea mabati?"

Nikabonyeza tatu.

Nilijua kwamba yeye alizaliwa pale. Nilijua baba yangu alizaliwa pale, na nilikuwa nimekanyaga mara ngapi sijui kwenye msingi wa nyumba waliyozaliwa, ambao bado ulionekana kati ya mikorosho. Lakini kwenye mafunzo tulikuwa tumeonywa: andika anachosema mjibu, usiongeze yako. Nikajiambia kwamba nimefuata kanuni. Ukweli ni kwamba sikujiambia chochote. Nilikuwa na njaa, na nyumba nne zilikuwa zimebaki.

"Basi niache nijipambe kidogo unipige picha," akasema, akaingia ndani kutafuta leso yake nzuri.

Ramani ilipokamilika ilifanywa sherehe. Skrini ilifungwa kwenye ukuta wa madrasa na watu wakaitwa waje kujiona. Kila nyumba ilikuwa nukta ya buluu; ukiibonyeza inafunguka picha ya mwenyewe. Watoto walipiga kelele kila walipomtambua mtu. Wageni wawili wa kizungu walikuja na kupiga picha. Shangazi alijitazama pale ukutani, mkubwa kuliko mlango, akasema, "Masha Allah, kumbe nimezeeka hivi."

Miezi minane baadaye mradi ulifika mwisho. Wafadhili walikuwa wameelekea kwenye mambo mengine. Ofisi ya Ukunda ilifungwa, viti vikagawiwa, madam akahamishiwa kaunti ya mbali. Aliniandikia barua nzuri ya sifa. Ramani ilibaki mtandaoni, kama ilivyokusudiwa, na mimi nikapata kazi kwenye duka la simu hapo hapo Ukunda, kuuza vifuniko na chaja na kuwasajilia watu laini.

Yule mkwezi alinifuata dukani siku moja, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Mwanangu, nimekuja unitie," akasema.

"Nikutie wapi, ami?"

"Kwenye ile ramani. Wamekuja watu kule kwetu, wanapigilia vigingi katika ardhi. Mawe yenye namba. Wenzangu wote wanasema wao wana ramani. Mimi peke yangu sina."

Nilifungua simu yangu nikajaribu kuingia. Neno langu la siri lilikuwa limefutwa. Nilimwonyesha ramani kama anavyoweza kuionyesha mtu yeyote apitaye njiani. Nukta za buluu zilikuwa pande zote, na pale kwake palikuwa na kivuli cha minazi tu. Alipagusa kwa kidole.

"Basi," akasema. "Mimi ndiye niliyekataa. Wewe huna kosa."

Alikataa soda niliyomkaribisha, akaondoka.

Kesi ilipofunguliwa watu wa kijiji hawakuogopa sana. Wenye hati, waliowatuma wale wa mawe, walitaka wote waondolewe, lakini sheria inampa haki mtu aliyekaa kwenye ardhi waziwazi zaidi ya miaka kumi na miwili bila kuondolewa. Na hapo palikuwa na watu wa vizazi vitatu. Wakili aliyejitolea kuwatetea alikuwa kijana mwenye bidii. Aliniambia ramani yetu ndiyo itakayomsaidia, na akaniomba nitoe ushahidi jinsi ilivyotengenezwa. Nilikubali kwa fahari. Nilijishonea buibui jipya.

Mahakamani Kwale shangazi alikaa mstari wa pili, pamoja na wanawake wenzake, tasbihi mkononi. Nilieleza mafunzo, simu, alama za setilaiti. Jaji alinisikiliza kwa makini, akaandika. Nikadhani nimefanya vizuri. Kisha akasimama wakili wa upande wa pili. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na alinisemesha Kiswahili kizuri.

"Dada, hongera kwa kazi. Ramani hii nimeifungua mwenyewe nikiwa nyumbani. Iko wazi kwa watu wote, sivyo?"

"Ndiyo, iko wazi."

"Na majibu haya yaliyo chini ya kila picha, ni wewe uliyeyaandika?"

"Ni mimi."

"Uliongeza neno lako lolote?"

"Hapana. Niliandika walichosema wao."

Alimpa karani karatasi na karani akanipa mimi. Ilikuwa orodha ya nyumba zote, imechapishwa vizuri kuliko nilivyowahi kuchapisha mimi Kombani. Safu moja ilikuwa imetiwa rangi ya manjano.

"Hebu msomee mheshimiwa jaji swali la tisa."

Nikasoma. "Makazi haya yana miaka mingapi."

"Na hapo mstari wa thelathini na moja, mjibu ni nani?"

Nikataja jina la shangazi.

"Unamjua?"

"Ni dada wa baba yangu."

"Alikujibu nini?"

Nilimtazama wakili wetu. Jaji akaniambia nijibu.

"Mitatu," nikasema. "Lakini alikuwa akisema nyumba. Mimi nilimuuliza nyumba."

"Umetuambia sasa hivi kwamba hukuongeza neno lako."

"Sikuongeza. Nilibadilisha moja."

Watu walicheka kidogo nyuma, si wa kwetu. Wakili hakucheka. Aliniuliza kama niliandika mahali popote kwamba nimebadilisha swali. Nikasema hapana. Akaniuliza ni nyumba ngapi nilizouliza hivyo, nami sikuweza kusema, maana sikukumbuka ni mlango upi niliacha kusema "nyinyi na wazee wenu" nikaanza kusema "nyumba hii." Akanishukuru, akaketi.

Nilipokuwa nikishuka nilimtazama shangazi. Alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, kama anavyotazamwa mtoto aliyejikwaa, na midomo yake ilisema, "Pole."

Wakili wetu alijitahidi. Wazee walipanda wakasimulia: nani alimzaa nani, nani alizikwa wapi, mwembe upi ulipandwa mwaka wa njaa. Hukumu ilitolewa miezi mingi baadaye. Zile nyumba sita za siku ya kwanza, za miaka hamsini na sitini, jaji alizichukulia kuwa zimekosewa. Jaji alisema kwamba maneno ya kumbukumbu yaliyosemwa baada ya kesi kuanza hayawezi kuyashinda yale waliyoyasema watu hao hao hapo awali, kwa mtu wao wenyewe, wakati ambapo hawakuwa na sababu ya kusema uongo. Nililisikia neno hilo, kwa mtu wao wenyewe, na baada yake sikusikia mengine. Pale kwa yule mkwezi, ambapo hapakuwa na nukta, walipahesabu kuwa hapana makazi.

Nilimpigia madam. Alikuwa kwenye gari, nilisikia honi. Nilimwambia yote.

"Mungu wangu," akasema. "Pole sana. Pole kwako na kwa shangazi." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu chochote cha kunipa, akasema, "Lile swali tumeshalirekebisha. Kwenye fomu mpya yapo mawili, la nyumba na la familia."

Nilimshukuru.

Siku ya kuondoka watu wenyewe walipanda juu wakang'oa mabati yao kabla mashine ya kubomoa haijafika. Nilikwenda na gari la kukodi kumchukua shangazi. Alikuwa amekwisha kufunga kila kitu: mikeka minne, sufuria, sanduku la mbao, msahafu uliofungwa kwenye kitambaa. Mlango aliung'oa pia, lakini gari halikuwa na nafasi, tukauacha umeegemea mkorosho. Askari walisimama kando, hawakumwambia mtu neno baya. Mmoja wao alimsaidia kupanda garini na kumwita mama. Njiani hakugeuka. Aliniuliza kama pale kwangu Mwabungo kuna mahali pa kuanika ukindu.

Palikuwepo, lakini hakusuka. Alisema ukindu wa kununua si mzuri. Alikaa barazani akiwasalimu wapita njia, ambao walikuwa watu wa mamangu na hawakumjua. Watu walikuwa wema kwake. Bado, kila alipoitikia "marahaba" nilimwona anavyoinua macho kutafuta mtoto huyo ni wa nani, na hakuna aliyekuwa wa mtu anayemjua.

Nilikaa miezi mitatu kabla ya kumwambia. Sikuwa na uhakika kama alielewa mahakamani kilichotokea. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula, anachambua mchele wa jioni kwenye ungo.

"Shangazi, siku ile nilipokuja kukuuliza. Ile fomu haikusema nyumba. Mimi ndiye niliyesema nyumba, ili nimalize upesi."

Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Yule bwana alisoma kwa sauti, nami masikio ninayo."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nikuambie nini? Na mimi nilikujibu upesi. Samaki alikuwa motoni, nilitaka umalize uje ule." Alitupa jiwe dogo nje ya baraza. "Ungeniuliza nimezaliwa wapi ningekuambia. Lakini na mimi ningeweza kukuambia bila ya kuulizwa. Tulikuwa tunacheka, mwanangu. Hatukujua kama ni jambo la kuangaliwa."

Nilitaka anigombeze. Ningelijua la kufanya na hasira yake. Badala yake aliugawa ule mzigo, akajitwika nusu, na ile nusu yangu ikawa nzito zaidi kuliko ilivyokuwa nzima.

Baada ya hapo hatukulizungumza tena. Presha yake ilipanda, ikashuka, ikapanda. Hospitali ya Msambweni tulikwenda mara nyingi, akakataa kulazwa mara zote ila ya mwisho. Alifariki katika mfungo wa Ramadhani, asubuhi, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia juisi ya kufuturia jioni ambayo daktari alikuwa amemruhusu. Ndugu wa baba tuliulizana kama tunaweza kumrudisha akazikwe kwa wazazi wake. Mmoja alikwenda kuomba ruhusa kwenye geti jipya lililowekwa kule kijijini. Mlinzi alimpa namba ya simu ya ofisi fulani Mombasa, na namba hiyo haikupokelewa, na maiti haingojeshwi.

Tukamzika Mwabungo, pembeni mwa watu wa mamangu. Wa kijiji chao walikuja wachache. Walikuwa wametawanyika, wengine Kikoneni, wengine kwa watoto wao Likoni, na habari iliwafikia kwa kuchelewa. Yule mkwezi alifika kwa pikipiki kutoka upande wa Lungalunga, ambako sasa anakata mkonge wa mtu, maana huko minazi ni michache. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Alisimama kwa muda na viatu mkononi, akaomba dua yake, kisha akaja kunipa mkono.

"Allah amrehemu," akasema. "Alikuwa jirani."

Nilimkaribisha chai ya kufuturia. Alisema pikipiki inamngoja na njia ni ndefu, akavaa viatu akaondoka.